UZI: Maneno ya nyimbo za panki, kijana wa Lamu anaambiwa nini mle ndani? Tuongee

fundi_wa_langoni:

Assalaam aleikum wanajamvi, na ambao si Waislamu hamjambo nyote. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama, mwenye nafasi akae tuongee.

Nataka tuongee kuhusu panki, ule muziki wa gitaa wa mbio na kelele. Najua mtu akisikia panki anafikiria nywele zilizosimamishwa kwa gundi na pini za nguo sikioni, basi anafunga ukurasa. Mimi nywele sina habari nazo, naongelea maneno. Wale jamaa wanaimba mbio halafu wanapiga kelele kwa hivyo ukisikiza mara ya kwanza hushiki kitu, lakini mimi kazi yangu ni kutengeneza simu hapa Langoni na kuwapakia watu nyimbo kwa memori kadi, spika iko wazi asubuhi mpaka magharibi, nikaanza kuyatafuta yale maneno kwa intaneti nikawa nayasoma huku nimefungua simu ya mtu nabadilisha soketi ya chaji, na yako mengine yalinifanya niweke bisibisi chini niyasome tena toka juu.

Historia nitaipitia haraka. Panki ilianza New York katikati ya miaka ya sabini, Ramones wakatoa albamu yao ya kwanza 1976, nyimbo 14 na yote haifiki nusu saa. Uingereza ikashika moto. 1977 malkia wao alikuwa anasherehekewa miaka 25 kwenye kiti na huku wasio na kazi wamepita milioni, Sex Pistols wakatoa wimbo God Save the Queen, BBC ikaupiga marufuku na bado ukafika namba mbili kwenye chati. Mwisho wake wanarudia rudia kwamba wewe kesho huna. Kijana wa Lamu aliyemaliza fomu foo na anakaa barazani kungoja kazi ya bandari hahitaji kufafanuliwa mstari huo.

Lakini mimi hapo sibaki. Kusema kesho hakuna ni rahisi, na ukiusikiza sana mstari huo unakulaza badala ya kukuamsha. Zilizonishika mimi ni zile za waliokuja baada yao, zinazokuuliza wewe mwenyewe leo utafanya nini.

Kulikuwa na bendi ya Washington inaitwa Minor Threat, ilidumu 1980 mpaka 1983 tu. Mwaka 1981 walitoa wimbo unaitwa Straight Edge, sekunde 46, dakika haijatimia ushakwisha. Mwandishi ni Ian MacKaye, hajafika hata miaka 20. Anachosema mle ni kwamba mimi ni mtu kama wewe, ila nina mambo ya maana ya kufanya kuliko kukaa na watu waliokufa huku wanatembea, kunusa vitu, kuzimia kwenye shoo. Hamtishi mtu na ugonjwa, haiti polisi. Anasema mimi simo. Na wale vijana walikuwa wakienda klabu wanachorwa alama ya X mkononi kwa wino ili baa isiwauzie pombe kwa kuwa ni wadogo, wakaichukua ile alama ikawa yao, mtu ana umri wa kunywa na bado anajichora mwenyewe.

Sasa uleteni wimbo huo hapa kwetu. Maskani tunazijua zote, unga wa heroini umeingia nyumba gani na gani tunajua, ni watu tuliokaa nao chuoni tukisoma alifu bee. Muguka, yale majani ya kutafuna, ndio usiseme, mtoto wa shule ya msingi anajua bei. 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipiga marufuku muguka, kesi ikapelekwa mahakama kuu Embu, marufuku ikasimamishwa, magari yakaendelea kushuka. Sheria ilikuja ikaondoka na kijana yuko pale pale shavu limejaa. Lakini yule aliyesimama mbele ya wenzake akasema kwa mdomo wake mimi simo, huyo hakuna korti ya kumsimamisha.

Na hawakuishia kwenye nafsi zao, hapo ndio napenda zaidi. Lebo yao Dischord waliianzisha wenyewe 1980 ili watoe rekodi za marafiki zao, makava ya mwanzo walikata na kukunja na kugundisha kwa mikono yao. Huyo huyo MacKaye baadae akawa na bendi Fugazi toka 1987, wakashikilia kiingilio karibu dola tano miaka nenda miaka rudi na watoto waruhusiwe, wakati wangeweza kutoza mara kadhaa ya hapo na watu wangelipa. Yaani ukiimba unachukia biashara inayokamua watu, mlangoni napo uonekane hukamui.

Kulikuwa na Bad Brains pia, wa huko huko Washington, watu weusi wanne, marasta, wanapiga mbio kuliko wote halafu katikati ya shoo wanageuza wanapiga rege. Wimbo wao Attitude ni maneno machache tu, kwamba sijali watasema nini, mimi nina mtazamo mwema wa akili, wazo ambalo mwimbaji wao alilitoa kwenye kitabu cha Napoleon Hill. Albamu yao ya kwanza 1982 ilitoka kwa kaseti tu. Kava la manjano, radi inapiga kuba la bunge la Marekani.

Kaseti! Watu wa Lamu mmenielewa. Miaka ya 1974 na 1975 siasa za uchaguzi huku zilipiganwa kwa mashairi ya Kimwondo, yakighaniwa na kurekodiwa kwa kaseti, kaseti inatoka nyumba hii inaingia ile, mpinzani anajibu kwa shairi lake. Na 1974 Ustadh Mahmoud Mau, imamu wetu, alitunga Wasiya wa Mabanati akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nao ukasambaa kwa kaseti, kumuonya msichana na wanaomlaghai. Sasa mtu aniambie maneno makali ya kumgeuza mtu na kuugeuza mji ni mambo ya kizungu.

Tuko vijana kadhaa tunajaribu kuandika zetu kwa Kiswahili, gitaa moja, ngoma moja, spika ya kukopa. Naomba maoni, hasa ya wakubwa.

nahodha_wa_zamani:

Mwanangu nimekusoma wote. Una adabu ya kuandika na hilo nakushukuru. Ila nataka nikwambie jambo. Sisi tulipoambiwa mtambo wa makaa ya mawe utajengwa Kwasasi, megawati 1,050, hakuna aliyepiga gitaa. Watu walikaa vikao miaka, wavuvi, kina mama, mashehe, wakasoma karatasi ambazo ziliandikwa makusudi zisisomeke, wakaenda mbele ya baraza la kitaifa la mazingira na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa sawasawa. Wavuvi walioharibiwa kazi na ujenzi wa bandari nao mahakama kuu ya Malindi 2018 iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hio ndio kazi. Kupiga kelele sekunde arubaini na sita kunaleta nini mezani? Halafu mji huu una heshima yake, msikiti na msikiti, hizo spika mtaziweka wapi.

fundi_wa_langoni:

Shikamoo mzee wangu. Spika nitaanza nazo, hatupigi mjini, na wakati wa swala hazigusiki, hilo tumepatana wote.

La pili ulilosema ni zito na nakubali kila herufi. Lakini mzee wangu wale waliokaa vikao ni nyinyi wenye umri. Vijana wangapi wa rika langu walihudhuria? Wengi walikuwa barazani. Mtu kabla hajasoma karatasi ya kurasa mia lazima kwanza kitu kimtoe pale alipokaa, na mimi kilichonitoa ni maneno haya, nikaanza kuuliza hio kesi ilikwendaje, nikatafuta hukumu nikaisoma. Wimbo haushindi kesi. Unampeleka mtu kwenye kikao akiwa macho.

Na huko Uingereza ilikwenda hivyo hivyo. 1976 mpiga gitaa mmoja maarufu alisimama jukwaani Birmingham akawatukana wahamiaji, watu wakaandika barua gazetini na wakaanzisha Rock Against Racism, na tarehe 30 Aprili 1978 makumi ya maelfu walitembea kutoka Trafalgar Square mpaka Victoria Park, panki na rege jukwaa moja, The Clash na Steel Pulse, wakati chama cha wabaguzi kilikuwa kinaota mizizi mitaani. Wimbo uliwakusanya, miguu ikatembea. Nyimbo peke yake hazikutosha na hakuna aliyesema zatosha.

maweni_malindi:

Mimi niko Malindi na nitaongea kwa uchungu kidogo mnisamehe. Kaka yangu wa tumbo moja alikuwa kwenye unga miaka mingi, sahi anakunywa methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye unga, huku kwetu kliniki ilifunguliwa 2015, kati ya za mwanzo Kenya nzima, kila siku asubuhi anakwenda anakunywa mbele ya muuguzi anarudi anafanya kazi ya kuchomelea mageti. Sasa wewe unaniletea wimbo unaowaita wenzake watu waliokufa wanatembea. Unajua mtu mwenye arosto, yale maumivu ya kukosa unga, anavyosikia akiitwa teja barabarani? Hao wenye X mkononi wangemuona kaka yangu wangemtema. Naskia huko Marekani baadae wengine walikuwa wanawapiga watu kwa sababu wanavuta sigara. Hio ndio mabadiliko ya jamii?

fundi_wa_langoni:

Ndugu yangu wa Malindi, nashukuru umesema, na Mungu amshike kaka yako mkono. Ni kweli, miaka ya tisini kulikuwa na magenge yakijiita Straight Edge na kupiga watu, Salt Lake City ilijulikana kwa hayo. MacKaye mwenyewe amesema mara nyingi hakukusudia kuanzisha kundi wala sheria, aliandika juu ya maisha yake.

Mimi naona wimbo ukisema "mimi" ni dawa, ukianza kusema "nyinyi" unageuka rungu. Pale kwenye nafsi ya kwanza ndio siri yote iko. Mtu akisema mimi simo, anajifunga yeye. Akishamnyooshea mwenzake kidole, hapo si panki tena, ni wale wale wazee wa kufokea vijana ila na gitaa. Na kaka yako anayeamka kila asubuhi kwenda kunywa dawa mbele ya muuguzi miaka na miaka bila kukosa, kwa maoni yangu huyo anauishi ule wimbo kuliko sisi tunaoupiga. Kwenye zetu tumekataa neno teja, haliingii. Tunamwimba anayeuza, tunaimba jahazi la usiku na mkono unaofumba macho.

maweni_malindi:

Hapo tumeelewana. Nitamsomea hio.

binti_wa_mkomani:

Salaam. Mbona wote mliowataja ni wanaume kaka fundi? Ngoja niongeze mimi kwa sababu huyu dada nampenda. Bendi inaitwa X-Ray Spex, London, mwimbaji alijiita Poly Styrene, na babake ni MSOMALI. Jirani zetu hapo tu. Mama mzungu mwenye asili ya Uskoti na Ayalandi. Alikuwa na waya za meno, hakuwa na sura ya jukwaani wala hakuitafuta, aliweka tangazo gazetini akitafuta vijana wa kuanza nao bendi, na aliyempigia saksofoni mwanzo alikuwa msichana wa shule. 1977 wakatoa Oh Bondage Up Yours!, anaanza kwa kusema polepole na sauti ya mtoto mzuri kwamba kuna watu wanaona msichana aonekane tu asisikike, halafu anapasua ukelele mmoja, nyumba nzima inasikia.

Mimi niliposikia nilicheka peke yangu chumbani kwa sababu hayo maneno nimeambiwa neno kwa neno, mwanamke sauti yake isivuke ukuta. Na ndani ya wimbo anafunga mambo mawili pamoja, anakataa kufungwa na wanaume na anakataa kufungwa na vitu vya dukani, na nyimbo zake nyingine zimejaa plastiki, matangazo, sabuni, mtu kujitafuta kwenye kioo. 1978! Kabla ya TikTok, kabla ya hizi krimu za kujichubua zinazouzwa sahi mpaka kwa boda. Jambo lake la nafsi na jambo la jamii ni wimbo mmoja, huwezi kulitenga.

Na msinambie wanawake wa Lamu hatuna hayo. Mwana Kupona aliandika utendi wake 1858, mtu akubaliane naye au asikubaliane naye, lakini mwanamke mgonjwa kitandani alishika kalamu akasema njoo mwanangu nikwambie dunia inakwendaje. Miye maneno yake sitayafuata yote, kalamu yake nimeichukua.

Swali langu: kwenye kikundi chenu wasichana wako? Au sisi tutaletwa kupiga makofi?

fundi_wa_langoni:

Wako wawili dadangu, na mmoja ndio mwenye ngoma, ila hawapendi kutajwa. Wewe ukiandika utakuwa wa tatu. Marekani miaka ya tisini Bikini Kill walikuwa wakisimamisha shoo na kuita wasichana waje mbele, wanaume warudi nyuma, kwa sababu mbele palikuwa panasukumana mpaka wasichana wanaumizwa. Sisi tutafanya hivyo bila kusubiri aumie mtu.

mtunzi_siyu:

Nimevutiwa na jambo moja la ufundi. Kiingereza kina maneno mafupi ya silabi moja moja, unaweza kuyarusha mengi kwa sekunde. Kiswahili neno moja silabi nne, tano, na kila silabi inataka kusikika. Mkiimba mbio hivyo mtameza maneno, na ikiwa maneno ndio kila kitu kama unavyodai basi mmeharibu. Hebu tuwekee hapa mistari yenu tuione.

fundi_wa_langoni:

Swali limefika penyewe, hilo ndilo lililotutesa zaidi. Tulijaribu kuandika kwa mkumbo wa Kiingereza ikawa uji. Tukarudi kwa mizani ya kawaida, nane kwa nane, ngoma inaangukia silabi ya kwanza na ya tano, na mstari mmoja unaimbwa kwa pumzi moja. Kibwagizo kifupi cha kupigwa kelele na wote. Haya ni yetu wenyewe:

Sinenewi na mwengine, mdomo wangu ninao
Sitaki leso ya kura, nataka maji ya shule
Sitaki kusinzia tu, barazani hata lini
Nipe kasia nivuke, usiponipa nachonga

SITAKI! (wote)
NACHONGA! (wote)

Leso ya kura ni zile zinazogawiwa mwaka wa uchaguzi na picha ya mtu, mnazijua. Maji ya shule ni kweli, kuna shule hapa watoto wanabeba maji na jerikeni kutoka nyumbani.

mtunzi_siyu:

Mizani imekaa. Vina hamna kabisa, babu zangu wangewarudisha chuoni, lakini nimeusoma kwa sauti na mkono wangu umepiga meza wenyewe. Mstari wa mwisho ndio wimbo, mitatu ya juu inakataa na wa nne una kitu mkononi. Anzeni nao. Na tafuteni vina angalau vya mwisho, kina kinamsaidia asiyesoma kushika, Kimwondo ilishikwa na watu kwa sababu ya vina.

msafiri_wa_matondoni:

Kwa anayesema haya si yetu Waafrika, Johannesburg 1979 kulikuwa na bendi National Wake, weusi na weupe pamoja wakati kukaa nyumba moja tu ni kosa la jinai, albamu yao ya 1981 iliuzwa nakala mia chache ikaondolewa sokoni kwa mashinikizo. Na hapa hapa Nairobi kuna Crystal Axis, wana wimbo Leopold kuhusu yule mfalme wa Ubelgiji na Kongo na wana mwengine Nyayo House kuhusu vyumba vya mateso. Ukitaka kujua historia ambayo shuleni waliipita mbio, pale ipo.

nahodha_wa_zamani:

Fundi, nimerudi. Nimezungumza na mwenzangu mmoja hapa barazani, akanikumbusha Habib Swaleh alipokuja na Maulidi ya matari na kuwasomesha watu ambao wakubwa wa mji hawakutaka wasome, alipingwa vilevile, na leo msikiti wake wa Riyadha unajaza watu kutoka kila upande wa pwani. Sisemi mambo yenu ni sawa na yake, mungu aniepushe. Nasema kijana asikilizwe kwanza.

Kuna jambo moja tu nataka. Mkiimba kuhusu bandari au kuhusu Kwasasi, njooni mtuulize sisi tuliokuwako kabla hamjaandika. Msitunge kwa kukisia.

fundi_wa_langoni:

Mzee wangu hilo ni deni juu yangu. Naomba Jumamosi baada ya laasiri nije na daftari, na huyo mwenzako awepo. Nitakuja na mwenye ngoma pia, yeye ndiye anayeandika sana. Tunataka kujua hasa ule usiku mliosoma ile ripoti ya mazingira, nani alikuwa anawatafsiria na mlijuaje pa kushika.

binti_wa_mkomani:

Nami nakuja. Nitaleta mistari yangu, ina vina, mtunzi wa Siyu asiwe na shaka.

maweni_malindi:

Kaka yangu kasoma. Anauliza mnarekodi kwa nini, simu au mashine? Ana rafiki yake hapa Malindi ana maikrofoni mbili na kadi ya sauti, hatumii. Na anasema ule mstari wa kasia ubadilishwe ala, uwe wa mchomeleaji, atawaandikia ubeti mzima. Nimemwambia atume kwa sauti ya WhatsApp kwa sababu kuandika anachoka.

fundi_wa_langoni:

Mwambie atume leo leo. Tunarekodi kwa simu, na maikrofoni tunazitaka, nauli ya basi kuja Mokowe na boti ya kuvukia tutachanga. Nakuandikia inboksi sasa hivi.